Nani Anamiliki Sura ya Mwigizaji? Mhadhara wa Umma, Nachingwea



Binti wa huku Nachingwea akisema anataka kuwa mwigizaji, nyumbani huulizwa kwanza habari za mwenendo: Dar es Salaam atalala wapi, atafuatana na nani? Hofu hiyo naielewa. Linalonikosesha usingizi mimi ni jingine: filamu ikishauzwa, yeye atabaki na nini?

Uigizaji si mgeni kwetu. Katika unyago, wanawake wazima humfundisha mwali kwa ngoma, nyimbo na maigizo. Ya ndani ni ya wenyewe, sitayasema. Ila nyakanga mzuri, yaani mkuu wa mafunzo hayo, anajua kuishika hadhira kuliko wengi tunaowatazama kwenye runinga. Kipaji kipo, njia ya kukigeuza kuwa riziki ndiyo nyembamba.

Mtazameni Profesa Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika Maangamizi, filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill ya mwaka 2001, alimwigiza Samehe, mgonjwa aliyezama katika ukimya. Fikirieni ugumu wake: kumbeba mhusika kwa macho na mabega, bila msaada wa maneno. Filamu hiyo ndiyo ya kwanza Tanzania kuipeleka kuwania Oscar. Yeye na Profesa Penina Mlama walianzisha pia Tuseme, mwaka 1996, ili wasichana wa sekondari wayachambue matatizo yao kwa maigizo. Lakini Lihamba alikuwa na ajira ya chuo kikuu. Filamu moja isipolipa, hakulala njaa.

Waliokuja na Bongo Movie hawakuwa na kinga hiyo. Nawakumbuka waigizaji Natasha na bintiye Monalisa, Wema Sepetu aliyekuwa Miss Tanzania 2006, na Elizabeth Michael, Lulu wetu, aliyeanza angali mtoto katika kundi la maigizo la Kaole. Sura zao zilifika hadi kwenye mabanda ya video ya wilayani. Nyuma ya sura hizo, mara nyingi mtayarishaji alimuuzia msambazaji filamu nzima pamoja na haki zake kwa malipo ya mara moja. Mwigizaji akishapokea chake, hesabu imefungwa, hata filamu ikitazamwa miaka kumi. Wakulima mlioko hapa mnaijua biashara hii, ni ya korosho ghafi: inasafirishwa na ganda lake, inabanguliwa India, na thamani inayoongezeka huko haimrudii aliyepalilia.

Asiye na mrabaha, yaani fungu lake kila kazi inapouzwa, hubaki na umaarufu wa kuuza, na umaarufu una njaa ya habari za chumbani. Tumewasema sana wanawake hawa kwa kuishi kwenye magazeti ya udaku. Mimi naona tumewaonea. Mwigizaji wa kiume aliyeachana na mkewe huulizwa filamu yake ijayo. Wa kike huulizwa kuhusu ndoa hadi anazeeka.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, nayo inamtambua mwigizaji. Ajira nayo imeanza kubadilika: tamthilia za runinga za sasa, kama Jua Kali ya Leah Mwendamseke, yaani Lamata, zimeleta kazi ya miezi badala ya siku chache. Hilo ni jema, lakini mshahara wa miezi si sawa na haki ya kulipwa kazi inaporudiwa kuonyeshwa.

Tena si lazima kila kitu kianzie Dar es Salaam. Aisha ya Chande Omar, ambamo Godliver Gordian alimwigiza mwanamke aliyefanyiwa ukatili, ilitengenezwa Pangani, mji mdogo kama huu. Kamera ikifika Nachingwea au Ruangwa, binti zetu wasiitwe kupita nyuma tu wakiwa na ndoo kichwani. Wapewe nafasi za kusema, na kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha wapewe mkataba wa Kiswahili, unaotaja malipo, muda, na fungu lao filamu ikiuzwa tena. Naomba maofisa utamaduni wa wilaya hizi mbili waanze na hilo: mkataba usomwe kwa sauti mbele ya mzazi au ndugu, na nakala moja ibaki mkononi mwa binti.