Bolti Iliyoshika Kutu Haitaki Haraka
Maneno waliyoambiwa mafundi, madereva na utingo wa Ukunda, Diani na Msambweni



Twajua kwamba wengi wenu mmetoka kazini moja kwa moja na mikono yenu ingali na grisi. Basi hatutawaweka sana. Mara nyingi tukikutana huzungumza habari za mishahara na saa za kazi. Leo twataka kuzungumza habari za bolti.

Asicheke mtu. Kila fundi aliyepata kulala chini ya lori ili atoe shokamzoba kuukuu ajua kwamba bolti moja yaweza kula siku nzima. Yaweza kula ngozi ya vidole, na yaweza kula jicho. Tena mwisho wa mwezi yaweza kula mshahara, ikiwa fundi hajui haki yake. Ndiyo sababu tumeona jambo hili lafaa kusemwa mbele ya chama.

KWA NINI KWETU NI TAABU ZAIDI

Chuma hushika kutu penye maji na hewa. Lakini maji ya chumvi huharakisha kutu kuliko maji ya mvua, na sisi wa pwani ya kusini twaishi ndani ya chumvi. Kusi ikivuma yatoka baharini, na kaskazi ikivuma pia yatoka baharini. Lori linalokwenda Gazi, Shimoni au Vanga kuchukua samaki hurudi likidondosha maji ya barafu yenye chumvi juu ya chesisi. Lori linaloshuka kwenye feri pale Likoni hupita mahali palipolowa maji ya bahari. Masika yakifika, tope la njia za ndani huganda juu ya mabano ya shokamzoba na kuweka unyevu kwa wiki nyingi.

Kazi zenyewe huja na kwenda. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, na malori ya miwa yakaenda kutafuta mizigo mingine. Mgodi wa titani wa Kwale ulianza kuchimba mwaka 2013, malori yake yakishusha mzigo Likoni, na uchimbaji ukakoma mwisho wa mwaka 2024. Tajiri abadilika, mzigo wabadilika, lakini chumvi iko pale pale, na fundi wa pwani hana budi kuijua.

Yafaa pia tujue bolti hushikaje. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko kile chuma kilicholiwa. Kwa hivyo kutu ikiota kati ya nati na bolti, hujaza hesi, yaani ile mistari ya kuzunguka, na kuvibana viwili hivyo kama kabari. Na katika shokamzoba pana mtego mwingine. Ndani ya bushi ya mpira mna bomba dogo la chuma, na bolti hupita humo. Maji ya chumvi huingia katika bomba lile na hayatoki. Ndiyo maana fundi aweza kufungua nati kwa urahisi, akafurahi, kisha akapiga nyundo tangu asubuhi hata adhuhuri na bolti isitoke. Bolti na lile bomba vimekuwa kitu kimoja.

HABARI YA MWENZETU

Mwenzetu mmoja alikuwa akifanya kazi katika gereji ambayo hatutaitaja jina. Aliletewa lori saa mbili ya asubuhi, shokamzoba zote mbili za mbele zibadilishwe, na lori liwe barabarani saa sita. Akamwambia msimamizi, "Bwana mkubwa, bolti hizi zimeoza. Zataka kulala na mafuta mpaka kesho." Msimamizi akajibu, "Kesho lori litakuwa Lunga Lunga. Fungua."

Basi akafungua. Alitia bomba refu kwenye spana, nati ikazungushwa kona zake mpaka ikawa mviringo. Akachukua tindo na nyundo ili aipasue. Miwani ya kazi haikuwako gerejini. Kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya mtama kiliruka kikamwingia jichoni. Jicho lile halioni tena.

Ndugu zetu, sikilizeni jambo lililotuuma zaidi. Tulipokwenda kutazama kitabu cha kazi cha siku ile, tulikuta mstari mmoja tu: bolti moja imevunjwa na fundi. Bei ya bolti iliandikwa. Habari ya jicho haikuandikwa, wala habari ya kutu haikuandikwa, wala yale maneno ya asubuhi hayakuandikwa popote. Mwenzetu alikuwa amesema kweli, lakini aliisema kwa mdomo tu.

NJIA YA KUFANYA KAZI HII

Haya tunayowaeleza yametoka kwa mafundi wenzetu waliozeeka katika kazi. Mengine mwayajua. Hata hivyo yafaa vijana wayasikie.

Kwanza, tazama na uandike kabla hujagusa. Ikiwa bolti ina kutu, andika kwenye karatasi ya kazi: "Bolti zimeshika kutu, zaweza kukatika, zataka bolti mpya na muda zaidi." Tia tarehe na saa, na msimamizi aione. Ukiwa na simu, piga picha. Kazi hii ni ya dakika tano.

Pili, safisha kisha loweka. Kwangua tope, piga hesi brashi ya waya mpaka uone chuma, kisha tia mafuta ya kulegeza kutu. Mafuta hayapenyi tope. Yakikosekana mafuta yale, dizeli yaweza kusaidia, ijapokuwa si sawasawa. Tia jioni, gonga nati kidogo kwa nyundo ili mafuta yaingie, na asubuhi tia tena. Usiku mmoja wa mafuta hufanya kazi kuliko watu wawili wenye bomba refu.

Tatu, lori lisimame salama. Tia kabari katika magurudumu, na usilale chini ya lori lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma, au magogo magumu yasiyopasuka. Na kama lori lina mifuko ya upepo badala ya springi za majani, soma kitabu chake kwanza, kwa sababu katika malori mengi ya namna hiyo shokamzoba ndiyo inayozuia ekseli isishuke kupita kiasi.

Nne, tumia spana inayokaa barabara. Spana ya boksi yenye pembe sita hushika nati vizuri kuliko yenye pembe kumi na mbili, na spana iliyochakaa ni adui. Anza kwa kukaza kidogo, kisha legeza. Ikisogea robo, rudisha, tia mafuta, endelea tena. Ukilazimisha upande mmoja tu, kutu hujikusanya mbele ya hesi na kukaba. Vuta spana kuja kwako, usiisukume. Huna budi kusukuma? Basi fungua kiganja, ili spana ikiteleza usiache vidole vyako kwenye chesisi.

Tano, moto ni kwa mwenye kuujua. Gesi hulegeza nati kwa sababu nati ikipata joto hutanuka. Lakini shokamzoba imefungwa, na ndani yake mna mafuta, na nyingine zina gesi yenye nguvu. Ikipashwa moto yaweza kupasuka kama bomu. Bushi za mpira hutoa moshi mbaya, na mipira ya breki na tangi la mafuta haviko mbali. Tena usiwashe moto mahali ulipomwaga dizeli au mafuta ya kulegeza kutu. Ikiwa huwezi kuhamisha au kukinga hayo yote, acha moto.

Sita, jua lini ukate. Shokamzoba ile kuukuu inakwenda kutupwa, kwa hivyo hakuna faida ya kuihurumia. Kitu cha kulinda ni bano la chesisi na la ekseli. Bolti ikiwa imeshikana na bomba la bushi, usipige nyundo mpaka bano lipinde. Chukua msumeno wa chuma au grainda, kata bolti pande zote mbili, kati ya bushi na bano, na shokamzoba itaanguka yenyewe. Shika chini isikuangukie. Usikate wala usitoboe mwili wa shokamzoba. Na hapa, kama vile unapotumia tindo, miwani ya kazi ni lazima. Ikiwa hakuna miwani, hakuna kukata.

Saba, funga kwa kumfikiria fundi atakayekuja baada yako. Tia bolti na nati mpya za nguvu ile ile. Tazama namba kichwani, kama ni 10.9 usitie 8.8. Bolti iliyopashwa moto usiirudishe. Safisha mabano, na paka grisi mahali bolti inapopita ndani ya bomba. Badilisha shokamzoba mbili za ekseli moja pamoja. Kaza mara ya mwisho lori likiwa limesimama kwa magurudumu yake, ili mpira wa bushi usikae umejisokota, na ukaze kwa kadiri iliyoandikwa katika kitabu cha lori.

Na ninyi madereva na utingo, mnaweza kutupunguzia taabu hii. Lori likitoka kubeba samaki au mchanga wa bahari, lioshwe chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Watu huosha kioo na jina la lori, wakasahau chini. Jina halishikilii ekseli.

HAKI ZETU

Sasa twaja kwenye neno la chama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka tajiri atoe vifaa vya kujikinga kwa kazi ya hatari, wala asimkate mfanyakazi pesa kwa ajili ya vifaa hivyo. Mfanyakazi naye yampasa avitumie. Miwani ikining'inia msumarini haimlindi mtu. Sheria hiyo hiyo yasema mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu amwambie msimamizi mara moja, na kwamba asilazimishwe kurudi mahali pale mpaka hatari iondolewe.

Juu ya kukatwa mshahara, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa kitu kilichoharibika ikiwa mfanyakazi amefanya kosa la kukusudia. Bolti iliyoliwa na chumvi kwa miaka haikuvunjwa kwa kukusudia. Lakini nani atathibitisha? Karatasi uliyoiandika kabla hujagusa spana ndiyo itakayothibitisha.

Na mtu akiumia, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yataka tajiri apewe habari, naye amjulishe mkurugenzi wa serikali katika muda wa siku 7. Usikubali kuambiwa, "Nenda nyumbani, tutaona." Andika, na mlete mwenzako aliyeona. Kisha njoo chamani.

Wako matajiri wanaojua kazi, na hao hawatakataa. Twawaambia hivi: lori likilala usiku mmoja gerejini na mafuta juu ya bolti, hasara ni ya usiku mmoja. Bano likipinda au chesisi ikipasuka kwa nyundo, hasara ni ya wiki. Na fundi akipoteza jicho, hakuna duka Ukunda wala Mombasa liuzalo jicho jingine.

Basi tunaomba mambo matatu yafanywe katika kila gereji tuliyo na wanachama. Pawe na miwani ya kazi kwa kila fundi anayekata na kugonga. Pawe na nafasi katika karatasi ya kazi ya kuandika hali ya bolti kabla ya kazi kuanza. Na lori la kubadilisha shokamzoba liletwe jioni, lilowekwe, likafunguliwe asubuhi. Hakuna hata moja kati ya hayo lenye gharama kubwa.

Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Walisema bila kuona lori, lakini ni kama walikuwa wamelala chini yake pamoja nasi. Yule mwenzetu amekaa hapa leo, safu ya mbele, na ndiye aliyetuomba tuseme maneno haya. Kesho asubuhi, kabla ya kushika spana, shika kalamu.

Umoja ni nguvu.