ALUMINI NAYO HULIWA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa karakana ya reli



 Tumeombwa kusema juu ya alumini: jinsi inavyoliwa, jinsi ya kuisafisha na jinsi ya kuilinda. Chama hakikuundwa kwa ajili ya kudai mshahara peke yake. Mtu aijuaye kazi yake vema halaumiwi ovyo, na hilo nalo ni jambo la kupigania.

Wengi wetu tuliambiwa ya kwamba alumini haishiki kutu. Neno hilo ni kweli nusu. Kutu nyekundu ni ya chuma, lakini alumini ina ugonjwa wake. Huonekana kama unga mweupe au wa kijivu. Rangi huvimba kama lengelenge, na ukiibandua unakuta vishimo. Tazameni pembe za fremu za madirisha, kando ya riveti, na chini ya vizingiti vya milango ambako maji hutuama. Hapo ndipo huanza.

Alumini ikiguswa na hewa hujivika utando mwembamba sana. Ukigawa milimita moja katika sehemu milioni, unene wa utando huo ni sehemu chache tu. Lakini ndio ngao yake, na ukikwaruzwa hujifunga tena wenyewe. Basi alumini huliwa pale tu ngao hiyo inapovunjwa na kuzuiwa kurudi. Wavunjaji ni watatu.

Wa kwanza ni chumvi. Behewa linalolala Mombasa hupigwa na upepo wa bahari usiku kucha, nayo chumvi hutoboa utando vitundu vitundu.

Wa pili ni vitu vikali. Magadi, ambayo kwa ajili yake ilijengwa reli ya kutoka Konza, tunayajua pia jikoni: yakitiwa ndani ya githeri, sufuria hugeuka nyeusi. Hiyo ni ngao inayoyeyuka. Soda kostiki hufanya hivyo kwa nguvu zaidi, na chokaa na saruji mbichi ni ndugu zake. Asidi kali nazo huvunja utando huo.

Wa tatu ni jirani mbaya. Alumini ikigusana na chuma au shaba, na maji yakiwa kati yao, huwa kama betri ya tochi, na anayeliwa ni alumini. Shaba ni mbaya kuliko chuma. Hata maji yanayodondoka kutoka bomba la shaba huacha vishimo juu ya alumini iliyo chini yake. Tena kumbukeni ukubwa: riveti ndogo ya alumini katika bamba kubwa la chuma huliwa upesi sana, kuliko bamba kubwa la alumini lenye bolti ndogo ya chuma.

Sasa, kuisafisha. Kwanza tuoshe kwa maji mengi na sabuni laini, ili chumvi na vumbi viondoke. Unga mweupe ukiwa mwepesi, tupake siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, tungoje dakika tano hivi, tusugue kwa burashi ya nailoni, tusuuze sana, tukaushe. Ukiwa mgumu, tutumie msasa laini. Tusitumie kabisa burashi ya waya wa chuma, maana huacha vipande vya chuma ndani ya alumini, na hapo tumempandikiza adui kwa mkono wetu wenyewe.

Wala tusinoe alumini kwenye jiwe linalonoa chuma. Ninyi mnaounga reli kwa moto wa themiti mnajua sababu: themiti ni unga wa alumini uliochanganywa na kutu ya chuma, na joto lake hupita digrii 2,000. Vumbi hilo likikusanyika karakanani, cheche moja yatosha. Likishika moto tulifunike kwa mchanga mkavu, tusimwage maji.

Kisha kuilinda. Kati ya alumini na chuma tuweke mpira au washa ya plastiki. Tupake rangi ya kwanza mara alumini ikishakuwa safi na kavu. Chuma nacho kipakwe rangi, na nafuu kipakwe chuma kuliko kupaka alumini peke yake. Maana rangi ya alumini ikikwaruzika mahali padogo, nguvu yote ya yule jirani huishia pale. Matundu ya kutolea maji yawe wazi. Matambara mabichi na mbao mbichi visilale juu yake.

Ndugu zetu, kuna jambo la mwisho, nalo ndilo kubwa. Mwili wa mfanyakazi nao huliwa. Dawa nyingine za kung'arisha alumini zina asidi ya hidrofloriki. Asidi hii huweza kuingia ngozini bila kuuma kwanza, na maumivu huja baada ya saa nyingi, wakati imekwisha kufika ndani. Ikikugusa, osha kwa maji mengi, nenda hospitali mara moja na uchukue karatasi ya jina la dawa. Soda kostiki juu ya alumini hutoa gesi ya haidrojeni, nayo hulipuka. Rangi za zamani za kromati zina sumu iletayo saratani. Hazipigwi msasa bila kinga ya pumzi.

Kwa hiyo dumu lisilo na jina lisifunguliwe. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri atoe mavazi ya kinga. Glavu na miwani si zawadi, wala anayeviomba si mwoga.

Na tukikuta kishimo kirefu katika kipande kinachobeba uzito, tusikizibe na kukipaka rangi kipendeze macho. Kiandikwe katika kitabu, tarehe na namba ya behewa, na mwakilishi wetu aarifiwe. Kipande kikivunjika njiani, abiria ndiye ataumia, na atakayeulizwa kwanza ni fundi. Maneno ya mdomo hupotea. Yaliyoandikwa husimama upande wa aliyesema kweli.

Kipande cha alumini hununuliwa kingine. Mkono wa mtu hauna stoo.