Habari za Absinti, Kinywaji cha Pakanga
(Hotuba iliyotolewa siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nilipomwandikia Katibu kwamba nitazungumzia kinywaji kikali, alinijibu kwa mstari mmoja: "Mbele ya watoto?" Naam, mbele ya watoto. Mambo yenyewe ni kemia, historia na sheria, na kemia na historia nilianza kuzisoma katika majengo haya haya.

Pakanga wengi mnaijua kutoka katika Biblia, inakotajwa kwa uchungu wake. Kinywaji chake huitwa absinti, na kwao ni bonde la Val-de-Travers, nchini Uswisi, karibu na mpaka wa Ufaransa. Miaka michache iliyopita nilipelekwa Uswisi kwa mafunzo ya kazi, na Jumamosi moja wenyeji wetu wakatutembeza hadi kijiji cha Môtiers katika bonde hilo.

Pakanga iliyokaushwa, pamoja na mbegu za anisi na za shamari, hulowekwa katika spiriti. Huongezwa maji, kisha vyote huchemshwa polepole katika mtambo wa shaba. Mvuke hupanda, hupita katika mrija unaopozwa kwa maji baridi, na kutoka tone kwa tone. Ndiko kukeneka kule kule tulikofundishwa maabara, siku ile ilipovunjika kondensa ya shule (nani aliivunja, tusiulizane leo). Uchungu mwingi wa pakanga hubaki chini ya mtambo. Kinachopanda ni harufu. Matone ya mwanzo na ya mwisho hutengwa, na hapo ndipo fundi hupimwa, kwa maana ni pua yake inayomwambia wakati umefika. Ile ya kijani hulowekewa tena majani ya hisopo na ya pakanga ndogo. Ile ya bondeni huachwa nyeupe kama maji.

Wanywaji huimiminia maji baridi taratibu, sehemu tatu hadi tano kwa moja, mara nyingine juu ya donge la sukari. Ghafla hugeuka kama maziwa. Aliyewahi kutia Dettol katika beseni la maji amekwisha kuliona jambo hilo. Mafuta ya anisi huyeyuka katika spiriti kali, lakini maji yakizidi hujitenga kuwa vitone vidogo mno.

Mwaka 1797 Daniel-Henri Dubied alinunua kanuni ya kinywaji hiki, akaanza kukitengeneza Couvet pamoja na mkwewe, Henri-Louis Pernod. Mwaka 1805 Pernod akafungua kiwanda Pontarlier, upande wa Ufaransa. Askari wa Kifaransa waliopelekwa Algeria walipewa absinti kama kinga ya homa, wakarudi nayo kama mazoea. Kisha wadudu wakaharibu mizabibu, divai ikapanda bei, na absinti ikawa kinywaji cha kila mtu. Kiwanda cha Pontarlier kilipoungua kwa radi mwaka 1901, absinti nyingi ilimwagwa katika mto Doubs, ikaja kunukia katika chemchemi ya mto Loue. Ndivyo ilivyojulikana kwamba maji ya Doubs hupita chini ya ardhi hadi huko. Walimu wa Jiografia, nawaachia hilo.

Sasa nije kwenye kesi. Agosti 1905, katika kijiji cha Commugny, Uswisi, Jean Lanfray aliwaua mkewe mjamzito na binti zake wawili. Siku hiyo alikuwa amekunywa glasi mbili za absinti. Alikuwa pia amekunywa divai nyingi, na brandi. Watu wakaishika absinti peke yake. Mwaka 1908 Waswisi wakapiga kura ya maoni, na tarehe 7 Oktoba 1910 marufuku ikaanza nchi nzima. Ufaransa ikafuata mwaka 1915. Huko wauza divai walisimama bega kwa bega na wapinga ulevi, jambo lisiloonekana kila siku.

Niliposimuliwa hayo nilinyamaza. Nikiwa afisa kijana wilayani, mwanamume mmoja alimjeruhi mkewe vibaya usiku. Ikasemwa ametoka katika kilabu cha mama mmoja muuza pombe. Kamati ikakaa, na mimi ndiye niliyeandika pendekezo la kumfungia. Sikuuliza yule bwana alipitia wapi kwingine. Baadaye ikajulikana kwamba alianzia katika baa mbili zenye leseni. Muhtasari ulikuwa umekwisha kutiwa sahihi. Yule mama alikuwa na mtoto kidato cha pili.

Sisemi kwamba pombe haina hatia. Absinti nyingine zilifika asilimia 70 ya alkoholi, na ziliangamiza watu. Lakini kilichoshitakiwa ni tujoni, kitu kilichomo katika pakanga, kwamba ndicho kinachotia wazimu. Chupa za kabla ya marufuku zilipopimwa miaka yetu hii, tujoni ilionekana ni kidogo mno kuleta wazimu huo. Mkosaji alikuwa alkoholi ile ile iliyomo katika divai na brandi.

Bondeni waliendelea kukeneka kwa siri, wakificha chupa msituni penye chemchemi, mpaka marufuku ilipoondolewa tarehe 1 Machi 2005. Tangu mwaka 2014 jengo la mahakama ya zamani ya Môtiers, walikohukumiwa watengenezaji, ni makumbusho ya absinti. Humo humo nikapewa glasi. Ina harufu ya majani mabichi na utamu wa anisi. Uchungu huja mwisho kabisa, tena ni mdogo. Nilikunywa nusu.

Mwaka jana nilipita wilaya ile, nikamwulizia yule mama. Jirani akaniambia alihamia kwa dada yake, na mtoto hakurudi shuleni.