Tuulize Kwanza: Shule na Mtoto Mwenye Ulemavu Anayepiga Wenzake

Mada kwa semina ya walimu wakuu, walimu wa malezi na kamati za shule za msingi, Kata ya Arash, Wilaya ya Ngorongoro

Utangulizi

Mada hii inamhusu mtoto ambaye shule nyingi humzungumzia kwa sauti ya chini. Yuko darasa la awali, la kwanza, la pili au la tatu. Ana ulemavu wa akili, usonji, uziwi, kifafa au mtindio wa ubongo, na anapiga. Anawauma wenzake, anarusha mawe, anachana madaftari, na pengine mwalimu naye amepigwa teke. Kwa kawaida shule humjibu mtoto huyu kwa njia mbili. Ya kwanza ni fimbo. Ya pili ni kumwambia mzazi akae naye nyumbani mpaka atulie. Mtoto hatulii, wala harudi shuleni. Hoja yangu ni kwamba njia zote mbili zina kasoro moja: zinalijibu tendo kabla sababu yake haijajulikana. Mtoto anayepiga azuiwe papo hapo asimwumize mtu, na hilo halina mjadala. Akishazuiwa, wajibu wa kwanza wa shule ni kuuliza kilichomfanya apige, kukiandika na kukishughulikia. Nitaonyesha kwamba shule inayofanya hivyo inawalinda wanafunzi wengine vizuri zaidi kuliko inayochapa au inayofukuza.

Tendo likitazamwa kwa karibu

Tuchukue mfano wa kutunga, ambao mwalimu yeyote wa madarasa ya chini ataona mazingira yake si mageni. Saa nne ringi ya gari iliyotundikwa mtini inagongwa, watoto wanakimbilia foleni ya uji. Mvulana wa miaka 8 mwenye ulemavu wa akili, ambaye maneno humtoka kwa shida, amesimama na kikombe chake cha bati. Anasukumwa nyuma mara ya kwanza, anasukumwa mara ya pili, kisha mwenzake anamcheka na kumwita kwa ulemavu wake. Kikombe kinatua usoni pa mwenzake na damu inatoka. Mwalimu wa zamu anageuka na kuona kikombe na damu. Ile misukumo hakuiona. Mvulana anachapwa. Kesho yake foleni ni ileile na kikombe ni kilekile. Lakini mwalimu akiamua kuandika kwa siku 10 mambo matatu tu, yaani kilichotangulia, kilichotendeka na kilichofuata, ataona jambo ambalo jicho la haraka halikuliona: mtoto huyu hupiga kwenye foleni, saa ya uji, na hajawahi kupiga anapochora au anapofagia uwanja. Hapo kinachotakiwa ni kuibadili foleni. Apewe uji kwanza, asimamiwe na mwanafunzi mkubwa anayemwamini, afundishwe ishara moja ya mkono yenye maana ya "acha", na darasa lote lielezwe maana ya ishara hiyo.

Daftari hilohilo linaweza kuonyesha kinyume chake. Huenda mtoto hupiga kila somo la kusoma linapoanza, na kila anapopiga hutolewa nje. Kama kusoma kunamtesa kwa sababu haoni vizuri au haelewi lugha, basi kutolewa nje ndiko anakokutaka, na kila adhabu inamthibitishia kwamba kupiga kunamtoa darasani. Ndiyo maana tendo moja kwa macho linaweza kuwa na sababu mbili zinazopingana, na dawa ya moja ikawa sumu kwa nyingine. Hapa Arash kuna jambo la kuongeza. Mtoto wa boma anaanza shule akiwa na Kimaasai, wakati darasa linaendeshwa kwa Kiswahili. Mtoto asiye na ulemavu huvuka daraja hilo kwa kusikiliza wenzake na kukisia. Kiziwi ambaye hajafundishwa lugha ya alama hana Kimaasai wala Kiswahili cha kuvukia. Kuvuta shati, kusukuma na kupiga ndivyo vilivyobaki kati yake na watu. Tukimwadhibu kwa kutumia mikono bila kumpa lugha, tutakuwa tunamwadhibu kwa kujaribu kusema.

Sababu iliyo mwilini

Sababu nyingine haziko kwenye foleni wala kwenye lugha, ziko kwenye ubongo. Mtoto anayetoka kwenye degedege la kifafa hukaa muda akiwa hajitambui sawasawa, na akishikwa kwa nguvu wakati huo anaweza kupigana na anayemshika bila kukusudia na bila kukumbuka baadaye. Fenobabitoni, dawa ya kifafa ya bei nafuu na iliyozoeleka katika vituo vyetu vya afya, inajulikana kuwafanya baadhi ya watoto wakose utulivu na wawe na hasira za ghafla. Mtoto wa namna hiyo anahitaji daktari aitazame upya dawa yake. Wilayani Mbulu kuna Hospitali ya Haydom, ambayo utafiti wake wa kifafa umefanyika kwa miaka mingi na kuonyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wana mabuu ya tegu wa nguruwe kwenye ubongo. Tafiti za Kilifi nchini Kenya na za Uganda zimeonyesha kwamba watoto wengi walionusurika malaria iliyopanda kichwani, takriban robo yao, hubaki na madhara ya akili, na baadhi hupata matatizo ya tabia pamoja na ukali. Hakuna idadi ya viboko inayoondoa mabuu kichwani au kuponya kovu la malaria. Mwalimu si daktari, na hakuna anayemtaka awe daktari. Anachoweza kufanya ni kuandika siku, saa na namna tendo lilivyotokea, ili mzazi atakapompeleka mtoto Hospitali ya Wasso, au kwenye kliniki ya magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu ya hospitali ya FAME kule Karatu, mganga apate pa kuanzia.

Sheria inasemaje

Wapo wanaodhani hoja hii ni huruma tu na kwamba sheria iko upande wa fimbo. Tuisome. Kanuni za elimu kuhusu viboko, kama zilivyorekebishwa mwaka 2002, haziruhusu zaidi ya viboko 4 kwa wakati mmoja. Zinampa mamlaka mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na zinataka uzito wa kosa, umri, jinsia na afya ya mwanafunzi vizingatiwe, kisha adhabu iandikwe. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakwenda mbali zaidi: marekebisho yoyote ya mtoto hayana uhalali iwapo mtoto, kwa udogo wa umri au kwa sababu nyingine, hawezi kuelewa kusudi la marekebisho hayo. Maneno hayo yanamhusu moja kwa moja mtoto wa miaka 7 mwenye ulemavu wa akili. Kabla ya kuinua fimbo, shule ingepaswa kuwa na hakika kwamba anaelewa kwa nini anachapwa, na hakika hiyo haipatikani bila lile swali ninalolitetea. Sheria zetu za jinai nazo hazimhesabii kosa mtoto aliye chini ya miaka 10. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010. Zote mbili zinampa mtoto huyu haki ya elimu. Kumrudisha nyumbani bila muda, bila maandishi na bila mpango wa kumrejesha ni kumnyang'anya haki hiyo.

Ushahidi wa tafiti

Je, fimbo inafanya kazi iliyokusudiwa? Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwahoji watoto 409 wa shule ya msingi hapa Tanzania. Asilimia 95 walisema wamewahi kupewa adhabu ya viboko au mapigo na mwalimu, na watoto waliopigwa zaidi na wazazi au walezi wao ndio walioonyesha zaidi ukaidi na ugomvi. Utafiti wa namna hiyo hauwezi peke yake kuthibitisha kipi kilianza. Mkorofi anaweza kuwa anapigwa zaidi kwa sababu ni mkorofi. Lakini kama fimbo ingekuwa dawa, katika nchi ambako karibu kila mtoto ameinywa, tungetarajia walioinywa zaidi wawe wametulia zaidi. Uchambuzi wa tafiti nyingi za dunia uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba watoto wenye ulemavu wana uwezekano mara 3.7 zaidi wa kufanyiwa ukatili kuliko wenzao. Kwa hiyo mtoto tunayemwita mpigaji mara nyingi ni mtoto aliyepigwa, nyumbani, njiani au shuleni, naye anarudisha alichofundishwa.

Kwamba shule za kawaida za Afrika Mashariki zinaweza kubadilika si ndoto. Wilayani Luwero, Uganda, shirika la Raising Voices liliendesha mpango wa Shule Bora katika shule za msingi, na watafiti wakaupima katika shule 42 zilizogawanywa kwa bahati nasibu. Katika shule zisizopata mpango, takriban asilimia 49 ya wanafunzi walisema walifanyiwa ukatili wa mwili na mtumishi wa shule katika wiki iliyopita. Katika shule zilizoupata ilikuwa asilimia 31. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Ukatili haukwisha, lakini ulipungua kwa kiasi kikubwa katika shule za msingi za kawaida.

Pingamizi na majibu

Pingamizi zito kuliko yote ni la mzazi wa yule aliyepasuliwa mdomo. Anauliza: mwanangu naye hana haki? Anayo, na mada hii isingekuwa na thamani kama ingeikwepa. Mtoto aliyeumizwa ahudumiwe kwanza, mzazi wake aitwe siku hiyohiyo, na aelezwe hatua zitakazochukuliwa. Kukiwa na hatari ya kweli, mpigaji anaweza kutengwa kwa muda na mtu mzima akiwa naye, au kupumzishwa nyumbani kwa siku zinazotajwa kwenye barua yenye tarehe ya kurudi. Lakini mzazi huyo hatalindwa na viboko vinavyoacha foleni ileile kesho. Kinachomlinda mwanawe ni kuondolewa kwa sababu. Wengine watasema kosa moja lipate adhabu moja, vinginevyo watoto wataona upendeleo. Watoto wa bomani wanalijua jibu: ndama mgonjwa hatembezwi mwendo wa kundi, na hakuna mchungaji anayeliita hilo upendeleo.

Lipo pia pingamizi la walimu, nami naliheshimu. Mwalimu ana watoto wengi, shule shikizi haina mtaalamu, na Chuo cha Patandi kinachofundisha walimu wa elimu maalumu kiko Tengeru, mbali na hapa. Ni kweli. Hata hivyo, daftari la mambo matatu linahitaji dakika 5 kwa siku na kalamu. Kuchapa, kusuluhisha wazazi na kurudia yaleyale wiki ijayo kunakula muda zaidi. Wapo wanaopendekeza watoto hawa wapelekwe shule maalumu. Kwa baadhi yao, hasa viziwi wanaohitaji lugha ya alama, hilo linaweza kuwa jema. Lakini mtoto wa miaka 6 akipelekwa bweni la mbali, ambako hakuna anayejua Kimaasai, anaweza kupata sababu mpya ya kupiga. Uamuzi huo utokane na upimaji. Isiwe njia ya shule kumkwepa.

Mwisho wapo wanaosema fimbo ni mila. Mwanaanthropolojia Aud Talle, aliyeandika mwaka 1995 kuhusu ulemavu miongoni mwa Wamaasai wa Kenya, aliipa makala yake jina lenye maana kwamba mtoto ni mtoto, akieleza jinsi mtoto mwenye ulemavu anavyohesabiwa kuwa wa familia kama wengine. Mila hiyo nayo ni yetu, na ina kina kuliko fimbo. Mzee akipelekewa ugomvi bomani hutaka kwanza kusikia ulianzaje.

Mapendekezo na hitimisho

Napendekeza hatua hizi zianze muhula huu. Kila shule ifungue daftari la matukio, tofauti na kitabu cha adhabu, na mwanafunzi yeyote mwenye ulemavu akimwumiza mtu, yaandikwe yaliyotangulia, yaliyotendeka na yaliyofuata. Asichapwe mtoto yeyote wa awali hadi darasa la tatu mwenye ulemavu au anayedhaniwa kuwa nao. Baada ya tukio la pili, mwalimu wa darasa, mwalimu wa malezi na mzazi wakae pamoja ndani ya siku 7, kwa lugha ambayo mzazi anaielewa, na dawati la ulinzi na usalama wa mtoto la shule liwe na nakala ya makubaliano. Mtoto mwenye dalili za kifafa au asiyesikia apelekwe hospitali akiwa na nakala ya daftari. Asirudishwe mtoto nyumbani bila barua yenye tarehe ya kurejea. Halmashauri nayo iombwe kila mwaka nafasi ya kumpeleka angalau mwalimu mmoja wa kata hii Patandi, kwa masharti ya kurudi kufundisha hapa.

Ndugu Mwenyekiti, hakuna pendekezo kati ya haya linalosubiri bajeti ya TAMISEMI, isipokuwa hilo la mwisho. Yaliyobaki yanasubiri mwalimu wa zamu atakayekuwa ameigeukia foleni kabla kikombe hakijainuliwa, na atakayeandika alichokiona. Nawaombeni, mtoto wa kwanza kuandikwa kwenye daftari hilo asiwe mtoto wa mwisho kurudi darasani.