Mpeleke Mwanao Sokoni



Ndugu wazazi na vijana wenzangu, mwezi huu ikifika saa kumi jioni Eastlands yote iko sokoni. Pita Eastleigh, Majengo au Kayole utamwona mama na mifuko yake, mtoto anavutwa mkono: "Haraka, adhana inakaribia!" Mtoto amefika sokoni na hakujifunza kitu.

Hebu tumwachie kazi. Mpe shilingi 200, mwambie tunataka nyanya, vitunguu na dania, na chenji itoshe viazi. Ahesabu yeye. Akikosea usimkaripie mbele ya mama mboga, ahesabu tena tu. Pakiti ya unga aisome tarehe na aitafute alama ya KEBS. Nawe kijana unayetumwa dukani, mchukue mdogo wako.

Kisha muonyeshe gorogoro. Kuna mkebe uliobonyezwa chini: ukijazwa waonekana sawa, kumbe mahindi ni pungufu. Hapo ndipo atajua kwa nini sura ya 83 inaitwa Al-Mutaffifin, wenye kupunja vipimo. Madrasa ameihifadhi, sokoni anaiona.

Na zakatul-fitri je? Watoto wetu wanaimba haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe hawakijui! Mwambie baba achote mchele kwa viganja viwili pamoja, mara nne. Ndivyo vibaba vinne, yaani pishi moja ya kila mtu nyumbani. Wengi wetu huikadiria kilo 2 na nusu. Nyumba ya watu 5 basi ni kilo 12 na nusu. Pakiti za kilo 2 ni ngapi? Wangu alijibu 6. Nikanyamaza. Baada ya futari akanijia: "Baba, nusu kilo imebaki. Ni 7."

Lakini jueni, naye anatusoma sisi. Ramadhan iliyopita mwenye duka alinirudishia shilingi 50 zaidi. Nikazitia mfukoni, moyoni nikisema, huyu naye bei zake ziko juu. Tumekaribia mlangoni, mtoto aliyekuwa akihesabu njia nzima akasema, "Baba, hizi ni nyingi."

Wallahi niliona haya. Zilikuwa zimebaki dakika chache Maghrib iingie. Tukarudi. Adhana ilitukuta pale pale dukani, tukafungua kwa tende za yule mwenye duka.