Kifua Baada ya Kuacha Sigara

(Maneno ya hotuba iliyosomwa Homa Bay mbele ya wanachama walio likizoni pamoja na jamaa zao. Halmashauri imeomba ichapwe ili wasiokuwapo nao waisome.)



Tumepewa nusu saa, nasi hatutaki kuimaliza kwa salamu. Jambo letu ni moja. Wako wenzetu wengi karakanani, kwenye magenge ya njia na kwenye steshoni, waliojaribu kuacha sigara. Wengi wao walirudi kuvuta kabla ya mwezi kwisha. Ukiwauliza sababu, hawasemi kwamba walikosa nia. Husema hivi: "Nilipoacha ndipo nilipoanza kuugua. Kifua kilibana, nikakohoa kuliko zamani, usingizi ukapotea. Nikawasha moja, nikapona."

Neno hilo, ndugu zetu, limewarudisha watu wengi kwenye sigara. Leo twataka kulijibu.

Labda mtu atauliza kwa nini watu wa reli waje kusema haya Homa Bay, mahali ambapo reli haifiki. Ni kwa sababu wengi wetu kwetu ni huku, Homa Bay na Migori. Mtu huacha sigara kazini, kisha huja likizo akiwa bado anakohoa. Wa kwanza kumpa shauri si daktari, bali ni mama, mke, kaka, au jirani. Shauri likiwa jema, anarudi kazini mzima. Likiwa baya, anarudi na pakiti mfukoni. Kwa hiyo hotuba hii ni yenu ninyi wa nyumbani kama ilivyo yetu sisi.

NIKOTINI NI KITU GANI

Watu wa Migori hawana haja ya kufundishwa kwamba jani la tumbaku lina sumu. Kaunti yao ndiyo inayolima tumbaku nyingi kuliko zote katika Kenya. Wanajua kwamba mtu akichuma majani mabichi yenye umande au mvua aweza kushikwa na kizunguzungu, kichwa kikamwuma, akatapika, hata kama hajavuta sigara maishani mwake. Hiyo ni nikotini, ambayo hupita katika ngozi ikaingia katika damu.

Mvutaji huipata nikotini hiyo hiyo kidogo kidogo kwa njia ya mapafu, mara nyingi kwa siku, miaka na miaka. Ubongo huizoea. Siku ikikosekana, ubongo huidai kama vile mwenye duka anavyodai deni mwisho wa mwezi: kwanza kwa upole, kisha kwa kelele.

Kelele hizo ndizo hizi: hasira bila sababu, wasiwasi, kichwa kuuma, kukosa usingizi, njaa ya kila saa, choo kigumu, vidonda kinywani, na kifua kubana kwa ajili ya wasiwasi wenyewe. Siku mbili tatu za kwanza ndizo kali kuliko zote. Baada ya hapo hupungua, na kwa watu wengi huwa zimekwisha kati ya wiki mbili na nne. Njaa huweza kudumu zaidi, na watu wengi huongezeka kilo nne au tano katika mwaka wa kwanza. Kilo hizo si hatari kama sigara.

KWA NINI KIKOHOZI HUZIDI

Sasa tuje kwenye kifua. Ndani ya njia za pumzi mna vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Kazi yao ni kupiga kasia mchana na usiku, wakisukuma makamasi, vumbi na vijidudu kwenda juu, ili mtu avitoe. Moshi wa sigara huvilaza vinyweleo hivyo na kuviua. Taka hubaki chini.

Mtu akiacha kuvuta, vinyweleo huanza kuamka na kumea tena. Vinaanza kazi vikikuta mlimbiko wa taka. Ukifagia bohari ya mizigo iliyofungwa miaka kumi, siku ile utaona vumbi jingi kuliko lililoonekana miaka yote kumi. Je, fagio ndilo lililoleta vumbi? Hapana. Basi kikohozi cha wiki za kwanza na makohozi mazito ni fagio. Si kila mtu hupata jambo hilo, lakini anayelipata asishtuke.

Na yule aliyesema, "Nikawasha moja, nikapona," je? Hakupona. Sigara ile ilifanya mambo mawili. Ililipa deni la nikotini ambalo sigara zenyewe zililianzisha, na ikavilaza vinyweleo tena. Ni kama mlinzi aliyenyweshwa pombe: kelele zimekwisha, lakini mwizi yumo ndani.

KALENDA YA MWILI

Kazi ya reli huenda kwa saa, basi na tuitaje kwa saa kazi ya mwili, kama Shirika la Afya Duniani linavyoifundisha:

1. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo na nguvu ya damu huanza kushuka.

2. Katika saa 12, ile hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi hurudi katika damu kiasi cha kawaida. Hiyo ndiyo hewa inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mvutaji huivuta kila siku, nayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu yake.

3. Kati ya wiki 2 na wiki 12, damu hutembea vizuri zaidi na mapafu hupata nguvu.

4. Kati ya mwezi 1 na miezi 9, kikohozi na kuishiwa na pumzi hupungua.

5. Baada ya mwaka 1, hatari ya ugonjwa wa moyo unaoletwa na sigara ni nusu ya ile ya mtu anayeendelea kuvuta.

6. Baada ya miaka 10, hatari ya kufa kwa kansa ya mapafu hushuka hata kuwa karibu nusu ya ile ya mvutaji.

Tuseme ukweli wote. Kama vifuko vya hewa ndani ya mapafu vimekwisha kuharibika, havimei tena. Mzee aliyevuta miaka 30 asitazamie kupanda kilima cha Asego mbio kama kijana. Lakini akiacha leo, uharibifu hupunguza mwendo, na pumzi iliyobaki itamfaa miaka mingi zaidi. Asiyeacha huendelea kuipoteza kila mwaka.

KIKOHOZI AMBACHO SI FAGIO

Hapa twaomba kila mtu asikilize sana. Tumesema kikohozi cha kuacha sigara kisimrudishe mtu kwenye sigara. Hatukusema kila kikohozi ni cha kuacha sigara.

Huku kwetu kifua kikuu kipo, na kila familia inakijua. Virusi vya Ukimwi navyo vimekifungulia mlango. Tena yule aliyevuta sigara hupata kifua kikuu kwa urahisi kuliko asiyevuta. Mwenzetu mmoja wa genge aliacha sigara akakohoa. Sote tukamwambia vumilia, ni uchafu unatoka. Wiki ya tatu ikapita, ya tano, ya saba. Suruali ikaanza kumpwaya, shuka zikalowa jasho usiku. Mkewe ndiye aliyemchukua hospitali kwa nguvu. Makohozi yalipopimwa, kikaonekana kifua kikuu. Alitibiwa miezi sita, akarudi kazini. Kama mkewe angetusikiliza sisi, leo tungekuwa tunachangia matanga.

Kwa hiyo kanuni ni hii, na kila mtu aishike kama anavyoshika ishara ya taa nyekundu. Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda ukapimwe makohozi, uwe umeacha sigara au hukuacha. Dawa za kifua kikuu katika hospitali za serikali hazina malipo. Na usingoje hata siku moja ukiona mambo haya: damu katika makohozi, maumivu ya kifua, pumzi kukatika ukiwa umekaa tu, midomo kugeuka rangi, au kifua kulia kama filimbi. Homa na jasho la usiku na kukonda navyo ni sababu ya kwenda mapema.

YA KUFANYA

Kwanza, kunywa maji mengi. Maji hulainisha makohozi yatoke.

Pili, punguza chai ya rangi na kahawa. Mwili wa mvutaji huondoa nguvu ya kahawa upesi kuliko mwili wa asiyevuta. Ukiacha sigara na kuendelea na vikombe vile vile, kahawa hukaa mwilini muda mrefu, nawe utakesha ukidhani ni sigara inayokuita.

Tatu, kula mrenda, mchicha, sukuma wiki, maharagwe na matunda. Choo kitalainika na njaa itatulia.

Nne, tembea kila siku, hata nusu saa. Pumzi ikikubana, simama, vuta hewa polepole puani, kisha itoe polepole midomo ikiwa imebana kama unayepuliza chai ya moto. Hamu ya sigara nayo hupita katika dakika chache ukiipa kazi nyingine.

Tano, kaa mbali na moshi mwingine. Hapa twasema na kina mama. Mtu aliyeacha sigara asikalishwe jikoni penye kuni bila dirisha, wala karibu na majiko ya kukaushia samaki ufukweni. Na ninyi wenyewe kina mama mnaokausha samaki, moshi ule unaumiza vifua vyenu vile vile.

Sita, anayemeza dawa kila siku amwambie daktari kwamba ameacha sigara, kwa maana kipimo cha dawa nyingine hubadilika.

Saba, usihamie ugoro ukadhani umeacha. Deni ni lile lile, umebadili duka tu. Ukiona umeshindwa peke yako, uliza hospitali juu ya dawa za kusaidia kuacha, au piga namba 1192 ya NACADA, ambayo haina malipo.

KAZI YA CHAMA

Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 19 ya wanaume wa Kenya wanatumia tumbaku, na wanawake chini ya asilimia 5. Maana yake hili ni jambo la wanaume hasa, na reli imejaa wanaume. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 imekataza kuvuta mahali pa kazi isipokuwa palipotengwa, na imekataza kuuza sigara mojamoja. Sote twajua sigara mojamoja bado zinauzwa langoni, na hiyo moja ndiyo inayomwangusha aliyeacha.

Twapendekeza kwa halmashauri mambo matatu. La kwanza, mwanachama aliyetangaza kwamba ameacha, mtu yeyote asimpe sigara, hata kwa mzaha. La pili, chama kidai kwa mwajiri ruhusa ya kwenda kupimwa kifua bila kukatwa mshahara. La tatu, wanaochomelea vyuma, wanaokaa katika moshi wa dizeli na wanaofanya kazi katika vumbi la kokoto wapewe vifaa vya kukinga pumzi. Haifai mfanyakazi atupe sigara kwa mkono wake mwenyewe, halafu kazi imrudishie moshi kifuani.

Mwisho, tusiwasahau jamaa zetu wakulima wa Migori. Si adui zetu. Wanalima tumbaku kwa sababu ndiyo iliyokuwa na mnunuzi, na miti yao imekwisha kwa kuni za kukaushia majani. Mwaka 2022 serikali pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa, yaani la afya, la kilimo na la chakula, walianzisha Migori mpango wa kuwasaidia wakulima watoke kwenye tumbaku waingie kwenye maharagwe yenye madini ya chuma, na soko likatafutwa. Mkulima anayeacha tumbaku naye hupita wakati mgumu kabla ya kuona faida, kama kifua cha mvutaji. Anahitaji jirani wa kumwambia asirudi nyuma.

Basi mkirudi nyumbani leo, mkimkuta mtu anakohoa naye ameacha sigara juzi, msimwambie, "Vuta moja upone." Mwambieni, "Vumilia, na tuhesabu siku." Zikitimia kumi na nne naye bado anakohoa, mshikeni mkono mwende naye hospitali.

Umoja ni nguvu.