Ngonjera Iwe Shule ya Kufikiri



Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea vilipotangazwa mwaka 1967, shule zilihitaji njia ya kuyafikisha mafundisho hayo kwa watoto. Njia mojawapo ilitoka kwa mwana wa nyanda hizi za kati. Marehemu Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, aliendeleza ngonjera, yaani mashairi ya majibizano. Alifariki mwaka 1969. Mwaka uliofuata kikachapishwa kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA, na ngonjera zikashamiri mashuleni.

Ngonjera ni ubishi. Mmoja hajui au hakubali, mwenziwe humweleza, hatimaye hupatana. Hapo ndipo penye elimu, kwa kuwa hakuna awezaye kumjibu mtu asiyemsikiliza. Lakini yako mazoea ya mwalimu kuitunga peke yake, na watoto kuikariri kwa ajili ya mgeni rasmi. Mgeni akiondoka, nayo imekwisha. Huo ni ukasuku, na Elimu ya Kujitegemea ilidai mwanafunzi mwenye akili ya kudadisi.

Lichukuliwe suala la mmomonyoko wa udongo. Hapa Mpwapwa ulianza kupimwa kitaalamu katika miaka ya 1930. Mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika maeneo ya Kondoa yaliyoharibika vibaya. Mwanafunzi atakayeshika nafasi ya mtaalamu hana budi kueleza kwa nini ardhi ipumzishwe. Atakayeshika nafasi ya mfugaji atakwenda kumwuliza babu yake, naye ataambiwa kwamba ng'ombe ni akiba ya mwaka wa njaa na ndiyo mahari ya vijana. Wakiondolewa, kaya itaishije? Hoja hiyo si ujinga, nayo yastahili jibu. Siku ya pili wabadilishane nafasi, kila mmoja aitetee hoja aliyoipinga jana.

Mwalimu asiharakishe ubeti wa mapatano. Ikiwa darasa halijapatana, ngonjera na iishie kwenye swali, na swali hilo lipelekwe kijijini, lijibiwe na wazee pamoja na mabwana mifugo.

Kazi hiyo haihitaji fedha. Yahitaji mwalimu asiyeogopa kuulizwa. Wanachuo wa Mpwapwa waendapo vijijini, wawaachie watoto kalamu.